Nukta za Penseli

Kitabu kina safu tano:
namba, jina, umri, mtaa, sababu.
Ya sababu ndiyo nyembamba kuliko zote.
Aliyeichora alidhani mauti hayana maelezo marefu.

Mwanzoni redio ilikuwa inahesabu.
Leo wawili. Leo kumi na mmoja.
Tukaweka ndoo ya koki mlangoni mwa ofisi ya kata, hapa Isevya,
sabuni tukaifunga kamba isiondoke na mtu
(wakaondoka na sabuni, wakatuachia kamba).
Wanafunzi wakapanda treni na magodoro yao,
behewa zima likicheka kama la sikukuu.

Kisha redio ikaacha kuhesabu.
Haikusema imemaliza.
Palipokuwa na namba pakapigwa muziki.

Waraka haukuja kwa karatasi. Ulikuja kwa simu:
"Bi Kalunde, usitie watu hofu.
Andika kama tulivyozoea."
Tulizoea nini? Nilijifunza upesi:
kifua, presha, sukari, changamoto ya upumuaji.
Hilo la mwisho halikuenea kwenye safu,
nikalikata: chang. ya upum.
Watu wazima, wenye wajukuu na madeni,
wakazikwa na kifupisho.

Mji mzima ulinuka mkaratusi.
Kila ua sufuria, mchaichai, maganda ya limau,
na mtu chini ya blanketi
kama wali uliopaliwa makaa.
Sicheki. Nami nilijifukiza,
nikatoka jasho, nikajiona raia mwema.

Akaja Nyanzala, mke wa Mihayo mrina asali,
barakoa ya kitenge ikining'inia sikio moja.
"Sababu?" nikauliza, kalamu imeshaanza ch.
"Andika nyuki."
"Walimuuma?"
"Hapana. Usiku ule alisema wamemwingia kifuani,
mzinga mzima, na hakuna moshi wa kuwatoa.
Miaka arobaini anarina. Anaijua sauti yao."

Safu haina nafasi ya nyuki.
Niliandika nilichoagizwa, kwa wino.
Halafu, mama wa watu akikunja kibali cha kuzikia,
nikatia nukta ya penseli kando ya jina.
Ndogo. Ya kuweza kukanushwa.
Jioni nikarudi kurasa za nyuma, nikatia nyingine.
Na nyingine.

Masika yakapita, na mengine. Serikali ikabadili sauti,
chanjo zikaja ndani ya visanduku vya barafu,
na nyuma yake kijana wa takwimu,
kishikwambi mkononi, adabu tele:
"Mama, kata hii mlipoteza wangapi?"
kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya karanga.

Nikafungua. Nukta zilikuwepo,
zimefifia, nyingine zimegeuka alama za dole gumba langu.
Tukahesabu pamoja, vichwa karibu:
arobaini na nne. Akakuna moja kwa ukucha, ikatoka.
Arobaini na moja, tukakubaliana,
tatu zilikuwa kazi ya nzi.

Sikumfunulia ukurasa wa themanini na sita,
mstari wa chini kabisa:
Feruzi Misigalo, hamsini na miwili, Isevya,
wino mweusi, mwandiko wangu, umenyooka: presha.
Hauna nukta.
Siku ile nilitaka watu waje.
Nilitaka wakae mkekani, bega kwa bega nami,
wale wali wa msiba wake, wanishike mikono.
Walikuja. Walinishika.
Wawili kati yao wana nukta.

Kijana akashukuru, akaenda zake.
Kamba ya sabuni bado inaning'inia mlangoni.
Watoto wakitoka shule huivuta,
kisha husimama kidogo, kimya,
wakisikiliza kama kuna kengele.