Folda Iitwayo Usiguse

Nilifungua seva ya Bi Cilka Hrovatin
usiku wa Jumanne, theluji ikibisha madirisha ya Škofja Loka,
nikakuta miaka kumi na mmoja imerundikwa pamoja:
picha za mizinga juu ya ankara za mitungi,
asali ya maua imelaliana na asali ya msonobari,
"bei", "bei-mpya", "bei-mpya-ya-kweli",
na pembeni, kama mlango uliopigiliwa misumari,
folda iitwayo Usiguse.

Nami nina mikono ya kupangapanga.
Mama husema: Brina, hata ukizikwa
utayapanga mawe ya kaburi kwa ukubwa.
Vidole viliniwasha. Buruta, dondosha, futa;
saa moja tu, na asubuhi ningemwonyesha
nyumba iliyofagiliwa.

Lakini nimewahi kuunguza cha mtu.
Kule Kranj, kwa mshona viatu,
nilibandika nakala yangu safi juu ya yake
nisijue kwamba majira yote ya baridi,
kwa kidole kimoja, miwani ikimteleza puani,
alikuwa akiingiza vipimo vya nyayo
za wateja mia mbili na sita.
Hakunigombeza.
Alitoa futi kamba mfukoni, akapiga goti,
akaanza upya na mguu wangu.

Ndiyo maana siku hizi naanza na simu.
"Bi Cilka, kuanzia sasa mpaka kukuche,
tafadhali usibadilishe kitu."
Akacheka. "Si ndiyo niliyoandika kwenye folda?"
Kisha, kama anayeniagiza chumvi dukani:
"Unahamisha usiku? Vizuri.
Mzinga hauhamishwi mchana, nyuki wako malishoni.
Watarudi jioni palepale pa zamani,
wazunguke hewa tupu hadi baridi iwaangushe.
Na ukishauweka mahali papya, ziba mlango kwa tawi.
Wakitoka wakajigonga, watajua dunia imegeuka,
watapatazama upya."

Nikanakili kila kitu. Mara mbili:
moja kwenye diski iliyo chini ya mkono wangu,
moja mbali, Maribor, kwa binamu asiyelala.
Nikazifungua zote mbili, faili kwa faili,
maana nakala usiyoifungua ni uvumi.

Halafu nikaweka ya wiki iliyopita na ya leo
bega kwa bega, mstari kwa mstari.
Tofauti kumi na nne.
Mtungi mdogo umepanda yuro moja.
Nukta imeongezwa. Nukta imeondolewa. Imerudishwa.
Na kwenye ukurasa wa "Sisi ni nani",
palipoandikwa *kaka yangu Jernej anachunga mizinga ya juu*,
sasa pameandikwa *alichunga*.

Silabi moja.
Mashine iliipaka rangi ya njano, kama kosa la chapa.
Saa ya faili ilionyesha Jumapili, saa tisa usiku.

Nilikaa. Chai ikapoa.
Sikubandika kitu juu ya kitu tena usiku ule;
nilihamisha kimoja, nikajaribu, nikahamisha kingine,
nikiandika daftarini kilikotoka na kilikokwenda.
Usiguse niliifungua mwisho kabisa:
faili moja tu, nzee, yenye vumbi la herufi,
na humo ndimo bei zote zilimokuwa zikinywa.
Ningeifuta, duka zima lingekauka.
Nikaiacha ilipo, na jina lake.

Kwenye kila anwani ya zamani nikaweka tawi.

Saa kumi na mbili asubuhi mtu kutoka Graz
alikuja kwa njia ya zamani kutafuta asali ya msonobari,
akajigonga, akageuka, akafika.
Nilimwona kwenye kumbukumbu za seva:
mistari miwili, sekunde moja.

Saa mbili Bi Cilka akapiga.
Herufi ni ndogo mno, alisema,
na picha ya mzinga wa bluu iko wapi, ah, nimeiona.
Akanyamaza kidogo.
"Na ule ukurasa wetu?"
"Uko vilevile," nikasema, "kama ulivyouacha Jumapili."
Nikasikia maji yakichemka jikoni kwake.
"Haya," akasema. "Nitumie ankara."