Nusu Herufi

Leo nimeilisha programu ya hospitali nusu herufi.
Si herufi mbovu, si herufi ngeni. Nusu.
Ő yetu ya Kihungari hutembea kwa baiti mbili:
ya kwanza huingia mlangoni ikisema,
"Msifunge, mwenzangu yuko nyuma,"
nami, kwa kisu nilichoajiriwa kukishika,
nikamkata huyo wa nyuma.
Kisha nikaketi, nikatafuna kimkate cha jibini cha jana,
nikangoja kuona mlango utafanya nini.

Ndiyo kazi yangu hii, ghorofa ya tatu, Miskolc,
dirisha likitazama kituo cha tramu na duka la vitasa:
kuipikia mashine chakula chenye mchanga
na kuandika, kwa saa na dakika, ilipotapika.
Nimeilisha baiti tupu katikati ya jina la mgonjwa.
Nimeilisha nafasi isiyoonekana,
nyembamba kuliko unywele wa kichanga.
Nimekitoa Kiebrania kulia na Kihungari kushoto
vikagongana kwenye namba ya simu.
Nimeilisha na ile kauli yetu ya kupimia
ambayo kila fundi wa hapa anaijua kama anwani ya kwao,
árvíztűrő tükörfúrógép:
mashine ya kutoboa vioo, istahimiliyo mafuriko.
Mashine hiyo haipo duniani.
Ila vokali zetu zote zenye alama zimo ndani yake, tisa,
zimepanda kila moja na kofia yake.

Bendegúz, aliyeiandika programu, akaja na kikombe.
"Imeanguka?"
"Haijaanguka."
"Basi imefaulu."
Nikamwambia, vuta kiti.

Tazama. Nimeandika kór: ugonjwa.
Alama ikachanika njiani, na programu haikulalama,
haikuweka ile almasi nyeusi yenye kiulizo tumboni.
Ilifagia. Ikaandika kor.
Umri.
Ugonjwa umekuwa umri, na skrini inang'aa
kama sahani iliyolambwa na paka.
Na hapa chini, őr, mlinzi:
imebaki r peke yake.
Mlinzi kaliwa, imesazwa fimbo.

"Hutokea mara chache," akasema.

Mara chache naijua kwa jina. Ni Kőműves Jenő,
miaka thelathini na mmoja kwenye tanuru za chuma za Diósgyőr,
baba yangu.
Mwaka mmoja barua ya pensheni ilimjia hivi:
K?m?ves Jen?
Akavaa miwani, akachukua kalamu ya risasi,
akayaziba mashimo matatu, taratibu, ulimi nje.
Jina letu maana yake mwashi.
Alikuwa akicheka: mwashi anakarabati ukuta wake.
Vile viulizo, usivicheke wewe.
Vilisema kweli: hapa palikuwa na kitu, tumeshindwa kukisoma.

Mwaka uliofuata wakapata mfumo mpya, safi, wa kisasa.
Kmves Jen.
Hakuna shimo. Hakuna kovu.
Baba alishika kalamu, hakuona pa kuiweka.
Akaigeuza barua, akatazama mgongoni mwake,
akaniuliza, bila mzaha,
"Etelka, huyu ni nani?"

Mficha maradhi, kifo humuumbua;
sasa huyu hafichi, anafuta,
tena kwa adabu, tena bila kubakiza vumbi.

Bendegúz kimya. Tramu ikapita, vioo vikatetema.
Kahawa yake ilikuwa imeota utando.
Akauliza, "Sasa unataka iseme nini?"
"Iseme haijui kusoma. Basi.
Hata mtoto wa darasa la kwanza husema."

Nimeandika ripoti kabla ya kuzima taa.
Kasoro namba 4412. Uzito: mkubwa.
Namna ya kuirudia: chukua herufi, kata nusu, tuma.
Kilichotokea: hakuna kilichotokea.
Kilichotarajiwa:
hapo mshale ulipepesa muda mrefu,
nami nikaandika, nikafuta, nikaandika tena,
pabaki shimo,
ili mwenye jina apate pa kuweka kalamu.