Mateka wa Kibarua

Wamenifunga mikono kwa kamba ya nailoni.
Askari mwenyewe aliniuliza, "Inabana, mama?"
Nikamwambia kaza kidogo,
la sivyo mchezo hautanoga.

Mimi ni Burmakan, mpishi wa shule ya kule bondeni.
Shule imefunga kwa ajili ya theluji
na jeshi linalipa: gunia la unga,
makaa ya wiki mbili, supu ya mchana.
Mwaka huu ninauza woga wangu.

Jengo hili lilikuwa la mapumziko, enzi za Wasovieti.
Wachimba migodi walikuja kulowa kwenye maji ya moto
wakarudi kwao na ngozi mpya.
Sasa vigae vya bluu vinabanduka,
na ndani ya bwawa kavu tumekalishwa sita:
mimi, mwalimu wa hesabu, mapacha wa duka la simu,
bibi arusi wa mwezi uliopita,
na mzee Toktosun, ambaye tayari amesinzia.

Kifuani nina bomu:
vipande vinne vya sabuni ya kufulia, nyaya tatu,
saa ya jikoni iliyochorwa kuku.
Linanukia nguo safi.
Saa inagonga, nacheka. Inagonga, sicheki.

Mlango unaruka. Moshi. "Lala chini!"
kwa Kikirgizi, kisha kwa Kihindi,
maana wageni wameivuka milima kutoka India
wafundishane na vijana wetu
namna ya kuingia nyumba ya watu kwa kishindo
bila kumuua mwenyeji.
Watekaji, wapwa zangu wote wawili,
wanakufa kwa mbwembwe mpaka wanakatazwa.

Halafu anakuja yeye, Sajenti Negi,
ndani ya suti nene, kama mtu aliyevaa godoro.
Anapiga magoti mbele yangu.
Ana neno moja la Kirusi, amelikariri
kwa ajili ya watu kama mimi: taratibu.
Analitamka vibaya. Analitamka tena.
Mkono wake wa kushoto una vidole vitatu,
na hilo halimo kwenye mchezo.

Anajua ni sabuni.
Lakini jasho lake linadondoka kwenye goti langu
na jasho hilo si la kuigiza.
Anakata waya wa kijani. Kuku ananyamaza.
"Dakika nne!" Mabega yanapigwapigwa.

Nami nimekalia siri.
Alfajiri kapteni alichuchumaa,
akabandika bomu la pili chini ya kiti changu,
akaweka kidole mdomoni.
Gunia la unga lilikuwa nyuma ya kidole kile.

Nilikohoa. Nilisogeza kisigino.
Nilimkodolea macho Negi, nikayashusha, nikamkodolea tena.
Alidhani namshukuru.
Akainamisha kichwa.

Ndipo filimbi. Mwamuzi akapita na chaki nyekundu
akichora mstari kwenye kila paji la uso:
Luteni Ermek, marehemu. Mapacha, marehemu.
Mzee Toktosun, marehemu, na bado anakoroma.
Kwangu mimi chaki ilikatika.

Negi aliketi kwenye vigae, akavua kofia ya chuma,
akavihesabu vidole vyake kwa dole gumba,
moja, mbili, moja, mbili.
Sidhani alijua kuwa anahesabu.

Tulirudia mara tisa.
Kufikia magharibi walikuwa wanapekua viti
kabla ya kunitazama usoni,
na ndivyo inavyotakiwa.
Nilisononeka kidogo.

Usiku nimefika nyumbani, unga mgongoni.
Mwanangu yuko kambi ya mpakani,
hajapiga simu tangu Jumanne.
Kiti chake kiko mezani, pale pale.
Nimesimama mlangoni na tochi,
kisha nimeinama, mimi, mwanamke wa miaka hamsini na miwili,
nikamulika chini yake.

Kijiko. Maganda ya mbegu za alizeti.