Jiwe la Kumi na Nne

Baba alikuwa mmoja wa Saba.
Huku Franken vijiji vingi bado vina Saba wao,
walioinua mkono wakaapa hadi kaburini:
chini ya kila jiwe la mpaka huzika kitu,
na kitu hicho, kilivyolala, kilivyoelekea,
hawamwambii mke, hawamwambii padri.
Mama alifua matope ya suruali zile miaka thelathini na minane
akiuliza neno moja tu: "Mmelipanda?"
Na baba: "Limepandwa."
Siri ya mtungi aijuaye kata,
na kata yetu tuliizika Februari,
ardhi ikiwa ngumu kama sahani.

Sasa ni Novemba, msitu unagawanywa.
Tumepanda mimi, kaka yangu Veit,
na mzee Ottmar Zöllner, wa mwisho katika wenzake baba
awezaye kupanda kilima hiki bila kupumzika.
(Anapumzika. Anasema anatazama ndege.)

Ramani inasema: kutoka mwaloni wenye panda
shuka hatua thelathini na mbili hadi kijito.
Mwaloni haupo. Kijito kimetiwa bombani.
Simu ya Veit inasema tumesimama juu ya mpaka,
kisha inabadili mawazo.
Misonobari imeliwa na dumuzi hadi moyoni,
imesimama kwa mazoea tu,
magome yakidondoka
kila tunapokohoa.

Jiwe la kumi na moja tulilikuta limelala kifudifudi.
La kumi na mbili, mzizi umelibana
kama ufizi ulivyobana jino.
La kumi na tatu Veit alilikalia
akanywa kahawa kikombe kizima
akilalamika kwamba halionekani.

La kumi na nne lilitaka mtaimbo.
Ottmar anachoma ardhi, anasikiliza kwa kiganja.
Udongo haujibu. Mzizi unarudisha mkono.
Jiwe la Mungu hulia ovyo;
jiwe lililochongwa lina mlio wake, mfupi,
kijiko kikigonga jino.
Ngi.
Tukafuta kuvumwani, tukaiona namba.

"Geukeni," akasema.
Tukageuka, watu wazima wawili wenye mvi,
tukatazama moshi wa bomba la nyumba ya Kreszenz,
mjane wa ng'ambo ya mpaka.
Nyuma yetu beleshi, magoti, pumzi.
Kisha pumzi peke yake.
"Hapana kitu," akasema Ottmar.

Hakusema zaidi. Akaanza kutembea
kuingia upande wetu,
mtaimbo ukishuka kila shubiri,
hatua moja, hatua nne, hatua tisa.
"Geukeni."
Safari hii nilisikia koo lake likitoa sauti ndogo,
kama ya mtu aliyekutana na jirani sokoni ugenini.
"Hapa."
Mimi sikuchungulia.
Nasema sikuchungulia.

"Trekta," akasema, akijipangusa mikono.
"Wakati wa kukokota magogo. Hutokea."
Veit akakubali haraka mno.
Baba hakuruhusu trekta kufika huku juu, hata siku moja.
Alikuwa na Liesl, farasi jike mwekundu,
na Ottmar mwenyewe alikuwa akimlisha matufaha.

Tulilibeba watu watatu,
jiwe la mchanga, zito kama ndama asiyetaka,
hatua tisa, tukilitua mara tano.
Veit alihesabu miti tuliyoipoteza:
kumi na mmoja, yote imekufa.
Akaihesabu tena.
Tukalisimamisha, nikakanyaga udongo kwa visigino,
pande zote, kama nilivyomwona mtu fulani akifanya.

Nyumbani mama alikuwa akisugua sufuria,
mgongo kwetu.
"Mmelipanda?"
"Limepandwa," nikasema,
na sauti iliyonitoka haikuwa yangu.

Hakuuliza wapi.