Mikono ya Kanzu

Udongo niliuchota kingo za Nyando,
palepale mto ulipotapika mwezi wa nne
ukaacha sufuria ya mtu, kandambili moja,
na tope laini lisilo na changarawe.
Tope zuri. Naona haya kulisifu.

Hatsue, mwalimu wetu wa mwaka mmoja,
aliyekula omena kwa vijiti bila kuangusha hata mmoja,
alisema kwao Japani yuko mlinzi mdogo wa njiani,
Jizo, kichwa upara, masikio marefu,
kanzu yenye mikono mipana.
Watoto waliowahi kufa, alisema,
hukaa kando ya mto wasioweza kuuvuka
wakipanga mawe, jiwe juu ya jiwe,
na usiku mashetani huja kuyabomoa.
Jizo huwaficha mikononi mwa kanzu.
Alisema hivyo huku akisugua meza.
Hakuna aliyeuliza swali.
Turfosa alitoka nje kuangalia kuni
ambazo tulikuwa tumeshaziangalia.

Siku nne nilimfinyanga.
Kichwa hakikunisumbua, ni chungwa tu lenye kope.
Mikono ndiyo iliyonitoa jasho.
Mkono wa mtu, mkono wa kanzu,
mdomoni ni neno moja,
lakini udongo haukubali:
huu unadai mfupa,
ule unadai uwazi.
Nikauacha uwazi.
Nikatia kidole kupima,
kikaingia chote,
nikajua atatosha mtu mdogo sana.

Tanuri letu ni pipa la lami lililokatwa kiunoni.
Ndani rangi hupanda: damu ya mzee,
embe bivu, kisha kitu ambacho bado sijakipatia jina.
Oduma anashika kifuniko. Mimi nashika koleo.
Anatoka motoni mwekundu mzima, kipara kikimeremeta,
kama aliyezaliwa mbele za watu,
natumbukiza ndani ya debe la pumba za mpunga,
pumba za kinu cha hapahapa Ahero,
zinalipuka. Funika! Funika, Oduma!
Moshi mzito, harufu ya wali ulioshika chungu.
Siku ya kwanza Hatsue aliponusa alicheka,
"Nyumbani," akasema,
kisha akanyamaza mpaka jioni.

Halafu maji.
Halafu ile sauti, ti, ti, ti,
ngozi ya kioo ikipasuka taratibu,
moshi ukiingia kila ufa
na kuuandika kwa wino mwembamba kama unywele.
Sikio la kushoto lilibaki ndani ya debe.

Kibuye, Jumapili, watu hawakumwelewa.
Mmoja aliuliza kama ni katekista.
Mmoja akasema ni mtoto wa darasa la kwanza
aliyenyolewa kwa kufungua shule.
Mchungaji Ogola alisimama kwa mbali:
sanamu hizi, mama, sanamu hizi.
Nikamjibu, simsujudii, namfuta vumbi.
Bwana mmoja wa Milimani alitaja elfu sita,
akapunguza elfu moja kwa sababu ya sikio.
Nikamwambia ameshauzwa.
Uongo ulitoka wenyewe, haukubisha hodi.

Turfosa alikuja Jumatano.
Mfukoni alikuwa na kofia ya sufi, nyekundu,
ya kufuma kwa mkono, haijawahi kuvaliwa,
bado ina harufu ya nondo na ya bati la sanduku.
Hakusema ni ya nani. Sote tunajua ni ya nani.
Ilimbana kidogo.
Akaivuta upande wa sikio lililovunjika,
akainama, akachungulia ndani ya mkono wa kanzu
kwa muda mrefu,
kama mtu anayetafuta sindano.
Kisha akaniuliza bei ya chumvi imefika ngapi.

Tangu siku hiyo nakuta vijiwe miguuni pake.
Vitatu. Jana vitano, kimoja juu ya kingine.
Nikifagia, nafagia kuzunguka.

Leo mawingu yamejaa upande wa Nandi,
meusi, ya mvua inayonyesha kwa watu wengine
na kutufikia sisi usiku.
Nimepandisha unga, nimepandisha godoro.
Naye nimempandisha rafu ya juu kabisa,
yeye na kofia yake,
na mawe yote, kwa mpangilio uleule.