Mstari wa Sentimita Kumi

Wodi ya upasuaji, Arua, saa kumi na mbili u nusu.
Nina karatasi, kalamu ya risasi, na mstari mweusi
wa sentimita kumi, usio na fundo.
Mwanzo wake: sina wasiwasi.
Mwisho wake: wasiwasi usio na kifani.
"Weka alama," nasema, "pale moyo ulipo."

Onzima, wa ngiri, akaweka sifuri,
akacheka, akaomba maji, nikamnyima,
na kidole gumba chake kikaacha jasho karatasini,
duara la kijivu.
Fomu haina mahali pa jasho.
Nikaandika: sifuri.

Kitanda cha saba, Ayikoru, fundi cherehani,
rovu shingoni kalifunika kwa kitenge.
Aliutazama mstari wangu
kama aliyeletewa kitambaa kisichotosha.

"Mwanangu, utepe wangu una sentimita mia na hamsini
na bado wapo wateja unaowapungukia.
Hapa wapima wapi? Begani? Kiunoni?
Kisu sikiogopi, kisu na mkasi ni ndugu.
Naogopa ile nusukaputi:
nikilala nitasema nini, na nani atasikia.
Naogopa sare kumi na mbili za shule, hazina vifungo,
na pesa yake nimeshakula.
Tena daktari kaniambia, humu shingoni
kuna mshipa wa sauti, mwembamba kama uzi.
Ukiguswa
nitawaita wanangu kwa kupiga makofi."

Akashika kalamu, akaivusha mwisho wa mstari,
akachora hadi ukingo wa karatasi,
na angeendelea kwenye shuka la hospitali
nisingemshika mkono.

Ulikuwa wa baridi.
Utaratibu hausemi niushike, wala hausemi niuache.
Tukakaa hivyo.
Nje jenereta ikakohoa, ikazima, ikakohoa, ikashika.
Magurudumu ya machela yakaanza kulia
kule mwisho wa ukumbi.
"Lete nyingine," akasema.
Nikampa. Milimita sabini na nne.
"Kilichozidi umekishika wewe."

Kompyuta ilikubali sabini na nne.
Ile karatasi ya kwanza niliikunja mara nne,
nikaitia mfukoni, sijui kwa nini.

Saa tisa wakamrudisha, bandeji shingoni,
midomo mikavu, macho bado mbali.
Nilikuwa nimemaliza kazi.
Nikasimama mlangoni dakika ambazo sikuziandika popote,
nikingoja kusikia
ataanza kumwita nani.