Pointi Mia Tatu

Jumatano, juu ya duka la chipsi, Attercliffe, Sheffield,
tunakunjua meza yenye mguu mmoja wa kufungwa kamba.
Tuko watano. Dadu zimo katika kopo la biskuti.
Tramu ikipita, mlima wetu wa karatasi unatetemeka.

Sheria niliziandika mimi, kwa mkono,
baada ya zamu ya usiku, nyuma ya risiti:
kila mtu pointi mia tatu, ajijenge.

Nasteho akanunua upanga, ulimi mwepesi,
na shangazi anayemdai fedha.
Gwilym akanunua uganga na mbwa mwenye jicho moja.
Idris, miaka kumi na saba, akanunua roboti,
roboti la ghorofa sita,
mia mbili tisini na nane.
Kwa mbili zilizobaki akanunua jina.

Basi ndani ya chuma alikuwa mfalme;
nje ya chuma hakujua hata kupanda ngazi,
hakuweza kumdanganya mlinzi wa lango,
hakuweza kuogelea.
Jumatano tatu alichora skrubu pembezoni mwa karatasi
akisubiri vita,
kama mtu aliyenunua koti la manyoya mwezi wa saba.

Nikashusha bei. Roboti, pointi hamsini.
Wiki ile Idris alikanyaga jeshi zima kwa kisigino,
na Nasteho, upanga wake mapajani,
akaniuliza taratibu kama kuna chai.
Upole ule uliniuma kuliko tusi.

Nikaongeza gharama ya mafuta. Nikaongeza kutu.
Nikaweka milango mifupi kila mahali,
mapango, vyoo, madaraja yasiyobeba uzito,
hadi Gwilym akasema: dunia yako hii, bibie,
imejengwa na mtu mwenye kinyongo na warefu.

Likiwa ghali, mwenyewe anabaki ganda.
Likiwa rahisi, wenzake wanabaki watazamaji.
Nikisukuma mopu wodi ya mifupa
nilipiga hesabu hiyo juu ya sakafu mbichi,
ikakauka kabla sijafika kwenye jibu.

Ndipo Mwanaidi wa chumba cha kufulia akanigusa bega:
«Mchezo, dada. Hamsini zako. Mwezi huu anapokea Tunu.»

Mchezo.

Miaka sita nacheza na wanawake tisa,
pauni hamsini kila mwezi, bila benki, bila sahihi.
Friji yangu ilitoka humo. Nauli ya mwana wa Tunu itatoka humo.
Hakuna kati yetu mwenye mia tano,
na kila mmoja wetu, zamu yake ikifika, anazo.
Nami Jumatano baada ya Jumatano nasema mchezo, mchezo,
neno li mdomoni, sijalitafuna.

Roboti, basi, si la mtu.
Kila mmoja akatoa sabini na tano,
akabaki na mia mbili ishirini na tano za kuwa mtu.
Anayepanda leo, wiki ijayo yuko chini.

Wilf Thackray alikuwa hajawahi kuuliza sheria yoyote.
Miaka thelathini na moja aliendesha winchi
katika kiwanda cha chuma kando ya mto Don.
Akasema: kule juu huioni ndoano.
Unaona mikono ya mtu wa chini, basi.
Akikohoa, unasimama.
Nikaandika: rubani hatupi dadu ya shabaha.
Anamtupia aliye ardhini.

Kura ya kwanza ikamwangukia Idris.
Akalivunja goti la kushoto darajani,
na Jumatano iliyofuata hakuja.
Wanawake wa mchezo wanamjua mtu huyo,
apokeaye wa kwanza, kisha simu haipatikani.

Goti, pointi arobaini. Tukalipa sisi.
Sehemu yake tukaiandika kwa penseli.

Zamu ya Thackray. Akavua miwani,
akaweka mikono hewani, penye nyenzo ambazo hazipo.
Upande wa pili wa meza Nasteho akainua kiganja.
Thackray akasimama, na mashine nzima pamoja naye.

Chini, mlango wa duka ukalia kengele.
Hakuna aliyegeuka. Kiganja kilikuwa bado juu.